Tulikula Maini Darasani, Sasa Mchumba Ananiita Kaka

Mpendwa Nyanya Karwirwa wa redioni, nisaidie maana mwenzako bado nimeshikwa na bumbuwazi. Mimi ni mwalimu wa historia, nyumbani ni Embu lakini nafundisha shule moja huku karibu na Kangeta, na muhula huu nilikuwa nafundisha Form Three Vita Baridi, vile Marekani na Urusi baada ya vita vikuu waligawana dunia bila kupigana wao wenyewe, kila mmoja akifunga mikataba na nchi ndogo, na wanafunzi walikuwa wanasinzia tu mpaka kijana mmoja, Mutuma, akainua mkono akasema, "Mwalimu, si hiyo ni gichiaro tu?" Nikafurahi sana, kwa sababu gichiaro, ule undugu wa kiapo wa Wameru, mimi niliujua kwa kutonyimana tu, basi kesho yake nikanunua maini ya kuchoma, nikajifanya Marekani, Mutuma nikamfanya nchi ndogo, tukalishana mbele ya darasa huku yeye akisema maneno aliyofunzwa na babu yake, adui yako ni wangu, ukiniomba sikunyimi, na darasa likapiga makofi.

Nyanya, Jumamosi iliyopita nilienda na wajomba zangu kujitambulisha kwa kina Winrose, mchumba wangu, na aliyetuletea maji ya kunawa ni Mutuma! Kumbe ni mtoto wa kaka yake Winrose. Akapiga kelele kwa furaha, "Babu, huyu ndiye ndugu yangu wa gichiaro!" Mzee Kaburu, babake Winrose, akaweka kikombe chini.

"Mlikula maini?"

"Tulikula, mzee, lakini lilikuwa somo."

"Somo la nini?"

"La Marekani na Urusi."

"Hao Marekani walikuwa hapo wakila?"

Akasema kiapo hicho hufunga ukoo wote, na watu wa gichiaro hawaoani, ni mwiko, kisha akamgeukia binti yake: "Winrose, msalimie kaka yako." Na Winrose, Nyanya, alinisalimia! Tangu hapo nikimpigia simu ananiita kaka, halafu nasikia analia, na wajomba wanasema nitafute msichana mwingine Embu, na walimu wenzangu wanacheka, na Mutuma naye hajaonekana shuleni. Je, kiapo cha darasani ni kiapo kweli? Sili, silali.

Mwalimu, Igembe

NYANYA ANAJIBU

Uui! Mwalimu! Mimi sijawahi kukaa darasani, lakini mjukuu wangu Gladys aliponisomea barua yako hapo kwa maini nilimwambia arudie, nikidhani macho yake yamechoka. Ulikaa kwa watu, ukala miraa yao, na hukuuliza hata mama wa mboga gichiaro ni nini kabla ya kuitia mdomoni?

Pole, mwanangu. Naona unampenda huyo msichana, na yeye hangekuwa analia kama hakupendi. Lakini barua yako imenishtua mahali wewe hukushtuka. Umemlilia Winrose, ukajililia wewe, na Mutuma umemtupia maneno matatu, eti hajaonekana shuleni. Ameenda wapi? Nani ameuliza? Boma lote linamwangalia kama mtoto aliyevunja harusi ya shangazi yake, na alichofanya ni kufurahi kukuona.

Gladys amenieleza hao wakubwa wako wawili. Walitafuta wadogo, wakawalisha kiapo, halafu mambo yalipoharibika walioumia ni wadogo. Sasa, mwalimu mzima, ulifundisha hayo au uliyafanya?

Amka kesho asubuhi uende. Usitume wajomba, usitume simu. Mtafute Mutuma kwanza, hata kama yuko juu ya mti wa miraa, umwombe msamaha mbele ya babu yake. Kisha mpelekee mzee furushi zuri la miraa, umwombe aite wazee wa ukoo waamue. Mimi siwezi kukufungulia kiapo kwa redio, na hao wanaocheka hawawezi. Wazee wakiuliza kama ulikuwa unacheza, sema ukweli: wewe ulicheza, Mutuma hakucheza.

Wakikufungua, muoe Winrose, uniite nije nicheze mpaka magoti yalie. Wakikataa, utalia, halafu utafuta uso, na siku atakayoolewa utasimama na kaka zake. Lakini kwa vyovyote vile, Jumatatu nataka huyo kijana akae kwa dawati lake, na ni wewe utakayemshika mkono mkiingia kwa geti.