Nilitia Mafuta ya Zeituni Kwenye Breki za Mkwe Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini usinizoee, kwa sababu kijijini kwetu mimi ndiye huombwa, siombi. Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, na herufi nilijifunza nikiwa tayari nina meno ya bandia, kwa hiyo ukiona mstari umepinda ujue ni mkono, si akili. Na kabla sijaanza: nilisoma ulivyomjibu yule mwanamke aliyegombana na wifi yake kwa ajili ya sufuria, ulimbembeleza mno. Mimi usinibembeleze.

Nina mkwe, Mokrane, mume wa Ferruja binti yangu wa mwisho, wanaishi kwangu kwa sababu nyumba ni kubwa na mimi sitaki kufa peke yangu kama paka, na huyu Mokrane hana gereji, ni mtu wa zeituni kama sisi sote hapa milimani, ila mikono yake Mungu aliiumbia vyuma. Pikapu yetu ya buluu, iliyomzidi umri, anaitengeneza mwenyewe uani, kando ya banda la mbuzi, anaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, anapandisha nyuma kwa jeki, anatia magogo ya mwaloni chini isije ikamwangukia, anavua tairi, anavua dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, viatu vya breki vilivyokwisha anatoa, vipya anaweka, zile springi anazivuta kwa koleo huku ametoa ulimi kama mwanamke anayetunga uzi kwenye sindano, na mimi nakaa mlangoni nachambua dengu namwambia taratibu, utajikata, naye ananiambia, "Mama, ukiendelea kunisimamia hivi nitakushonea ovaroli."

Nusu ya kijiji walimletea magari yao kila mwaka kabla ya mavuno, maana barabara ya kwenda kwenye kinu cha kukamulia imesimama kama ngazi, na malipo yake yalikuwa sahani ya tini kavu na maneno mazuri.

Sasa mwaka jana, mavuno yanaanza, akabadilisha viatu vya breki za nyuma za pikapu yetu, na tangu siku hiyo ikawa kila akikanyaga breki gari linapiga ukelele wa kupasua masikio. Nikamwambia, Mokrane, hizo breki zako vipi? Akasema, "Ni viatu vipya, mama, havijazoeana na dramu. Vipe siku kumi. Hata mkwe na mama mkwe huanza kwa kelele."

Nikamwuliza, "Mimi na wewe tulizoeana kwa siku ngapi?"

Akasema, "Bado tunaendelea, mama."

Nilicheka, sikatai. Lakini kesho yake nilikwenda chemchemini, na huko Nna Tasaadit, mwanamke ambaye hajawahi kupika kuskusi isiyo na madonge, akaniambia mbele ya wenzake wote, "Hongera, nasikia mmenunua punda. Asubuhi alipokuwa anateremka alituamsha na wajukuu." Wakacheka hadi ndoo zikamwagika. Mshauri, mimi nimezika mume, nimelea watoto sita, sijawahi kuchekwa kwenye maji.

Na wewe kama umezaliwa pande hizi unajua kwetu mafuta ya zeituni ni dawa ya kila kitu, sikio likiuma tunatia, kifua cha mtoto kikikoroma tunapaka, bawaba ikilia tunatia, cherehani ikigoma tunatia, na mafuta yangu yanatoka kwenye miti ya babu yangu, hakuna mwenye mafuta kama yangu toka hapa mpaka bahari. Basi asubuhi moja wote wako shambani wanapukutisha zeituni, mimi goti limenizuia nyumbani, nikachukua kile kikopo cha cherehani chenye mdomo mrefu, nikakijaza. Nilikuwa nimemwona Mokrane akirekebisha viatu kwa bisibisi kupitia kitundu kidogo kilichoko nyuma ya gurudumu, kimezibwa kwa mpira. Nikatandika gunia, nikalala chini ya gari, mimi na goti langu, nikang'oa mpira, nikamimina. Nikaenda na gurudumu la upande wa pili, lisione wivu. Nikarudisha mipira yote miwili vizuri kama ilivyokuwa, nikanawa mikono, na nakwambia ukweli, nilijisifu.

Mchana Mokrane alikuja, akapakia magunia, akateremka. Gari likaenda kimya, bila mlio. Nilisimama mlangoni natabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

Kule kinuni akaliegesha kwenye mteremko, pua juu, akavuta hendibreki, akashuka kufungua kamba ya magunia. Gari likaanza kurudi nyuma. Alilirukia mlango, akachelewa. Nyuma alikuwa amesimama mzee wetu Dda Belaid, anangoja zamu yake ya kukamua, na gari likambana ukutani, mguu ukavunjika mahali pawili. Mzee wa miaka sabini na moja aliyekuwa bado anapanda mizeituni yake mwenyewe hadi kileleni. Leo anatembea kwa fimbo, na mizeituni anaitazama kutoka chini.

Kesho yake Mokrane akavua dramu hapo uani, wanaume watatu wamekuja kushuhudia. Mimi nilikuwa mlangoni na dengu zangu, ila sikuwa nachambua chochote. Ndani kulikuwa kumelowa. Akachovya kidole, akanusa. Akabaki ameinama hivyo hivyo, nikadhani mgongo umemkamata. Halafu akapangusa kidole kwenye suruali, akawaambia wale wanaume, "Sili, ule mpira wa ekseli, imevuja oili ya gia, imeingia kwenye breki. Nilipaswa kuikagua nilipofungua. Kosa ni langu."

Nikanyamaza. Akaenda kwa Dda Belaid, akambusu kichwa, akaomba radhi mbele ya watu, na majira yale yote ya baridi akachuma zeituni za Dda Belaid kwanza, zetu baadaye. Nikanyamaza. Nilimpelekea mzee kuskusi na kuku, na mafuta, ndiyo, mafuta yale yale. Watu wakaanza kusema "breki za uani," hakuna tena aliyeleta gari, na mmoja ambaye Mokrane alimtengenezea gari miaka minane akasema nikisikia, "Anatengeneza gari kama anasuka kikapu." Nikanyamaza. Na siku Ferruja alipolia mezani kwa ajili ya maneno hayo, mimi, mshauri, mimi huyu huyu, nilimgeukia Mokrane nikamwambia, "Si nilikuambia taratibu?"

Akanitazama. Akasema, "Uliniambia, mama."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi nina wajukuu wanne, wote wanalala usiku. Huyu wa tano ndiye asiyelala.

Tangu wakati ule pia hachovyi mkate kwenye mafuta yangu. Anakula mkavu, anasema ni tumbo. Mara moja nilikasirika nikamwambia mafuta yangu si sumu. Akavunja kipande kingine cha mkate mkavu.

Sasa mavuno yamekuja tena, na vifaa vyake vyote, jeki, spana, yale magogo ya mwaloni, amevifunga kwenye magunia ya unga. Alhamisi anavipeleka sokoni kumpa mtu, halafu anakwenda pwani kubeba makasha kwenye bohari, na Ferruja na watoto wanamfuata mavuno yakiisha. Pikapu imekaa uani na jiwe mbele ya gurudumu, haijatembea tangu majira ya mvua. Nikisema, kijiji kizima kitanicheka, na Mokrane atajua ni nani aliyemvunjia jina, atanichukia na kuondoka na binti yangu. Nisiposema, anaondoka vile vile. Nakuuliza, nifanye nini abaki, bila mimi kulisema hili?

Jina langu usiliandike, na ya wengine yabadilishe. Andika tu Mama Mkwe.

*

Mama Mkwe,

Majina nimeyabadilisha, na kubembeleza sibembelezi.

Umeniuliza umzuieje bila kumwambia. Haiwezekani, kwa sababu Mokrane anajua. Anajua tangu asubuhi ile alipochovya kidole.

Marehemu mume wangu aliendesha teksi miaka thelathini na breki alizitengeneza mbele ya mlango wa jiko langu, kwa hiyo oili ya gia naifahamu kuliko manukato. Ni nzito, inanuka kama yai viza, ikikushika mkono unalala nayo. Mafuta yako yananuka jikoni kwako. Mtu aliyekula mkate wako miaka yote hiyo anaweza kuchanganya vitu hivyo viwili? Alinusa, akabaki ameinama. Mgongo wake ulikuwa mzima, mama. Alikuwa anaamua. Aliposimama alikuwa ameshatoa jina lake mbele ya wanaume watatu ili lako libaki safi. Umeyaandika yote haya kwa mkono wako, ila kuyasoma hukutaka.

Na ulipomwambia "si nilikuambia taratibu," na yeye akajibu vile, niliiweka barua yako chini nikaenda kunywa maji.

Nakuhurumia, usidhani sikuhurumii. Kumwaga yale mafuta ulikosea kwa kutojua, na kutojua si dhambi. Hukujua kwamba viatu vya breki hushika kwa kukwaruza, na kwamba vikilowa huteleza kama samaki. Hukujua kwamba kushuka aliweza kwa sababu breki za mbele zilikuwa nzima, lakini hendibreki kwenye gari kama lenu hushika magurudumu ya nyuma tu, yale yale uliyoyamwagia. Hilo angekusamehe kabla ya chakula cha jioni. Yaliyofuata ndiyo mazito: mwaka mzima umekaa naye meza moja ukimwacha ale mkate mkavu, nawe ukamkaripia kwa kutokula mafuta!

Unadhani anakimbia maneno ya kijiji? Mtu aliyechuma zeituni za mwenzake majira mazima ya baridi kwa kosa lisilo lake hakimbizwi na watu wa chemchemini. Anakimbia nyumba yako. Alikungoja useme. Amengoja mavuno mpaka mavuno. Amechoka kungoja.

Sasa sikiliza. Leo, si kesho, mwite uani, ninyi wawili, si mezani. Mwambie, "Ni mimi niliyemwaga mafuta." Ukimaliza hapo nyamaza. Usimtajie goti, usimtajie Nna Tasaadit, usiseme "lakini." Akisema anajua, usijitie kushangaa.

Ukitoka hapo nenda kwa Dda Belaid. Usitume kuskusi. Nenda kwa miguu yako, goti likiuma liume, mguu wake unauma zaidi. Radhi aliyoombwa na Mokrane haikuwa ya Mokrane kuomba. Wanawe wakikukaripia, kaa ukaripiwe hadi wamalize, na mavuno haya Dda Belaid apate mchumaji kutoka kwako, tena kwa jina lako.

Kisha nenda kinuni siku ya foleni, wanaume na wanawake wote wakingoja zamu, useme kwa sauti ile ile unayosemea mambo yako mengine. Hapo ndipo jina la Mokrane lilipoangukia. Watacheka, ndiyo. Ulimwaga mafuta usichekwe, ukamvunja mzee mguu. Kuchekwa hakujamvunja mtu mfupa.

Na wengine mnaosoma hapa huku magari yenu yako juu ya mawe uani, chukueni na yenu. Viatu vya breki vikiingia mafuta ya aina yoyote, havioshwi kwa petroli wala havichomwi motoni kama wanavyofanya wajuaji, vimeshakunywa, tupeni, wekeni vipya pande zote mbili. Dramu futeni hadi kitambaa kitoke kikavu. Vumbi lake msilipulize kwa mdomo, lifuteni kwa kitambaa kibichi, mapafu hayana duka. Gari likikaa muda mrefu kama hilo la Mama Mkwe, viatu huweza kugandana na dramu kwa kutu, kwa hiyo lisiteremke kabla nyuma hakujafunguliwa na kukaguliwa. Kwenye mteremko wekeni jiwe, hata kama breki ni za jana. Na breki mpya zikilia kidogo, acheni zilie siku zake. Kelele zikizidi siku hizo, mwiteni aliyezifunga azifungue tena. Bibi mwenye kikopo akae mbali.

Mama Mkwe, sikuahidi kwamba atabaki. Huenda Alhamisi akaondoka hata baada ya yote haya, na hiyo itakuwa haki yake. Basi aondoke na vifaa vyake mkononi, si kuwagawia watu, na jina lake likiwa safi, na wewe umsindikize hadi barabarani.

Ila kabla hajaondoka, mwandalie mkate wa moto na bakuli la mafuta yako. Uliweke katikati ya meza, ukae. Usimwambie ale, usimwambie si sumu, usimwambie taratibu. Kwa mara moja katika maisha yako usiseme neno lolote, utazame tu mkono wake.