Makoti ya Onyesho la Mwisho

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumatatu, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeanza kukusikiliza. Umeacha kupanda ngazi kama daktari alivyokukataza, au bado unajitia msichana? Na yule mjukuu wa mwisho, ameshaota meno? Sisi huku miili haijambo. Baba anakula, analala, presha imetulia. Roho ndizo zimetuchafuka, na nimeona nikuandikie mwenyewe maana kaka yako hatakuambia kitu.

Kwanza habari njema kidogo. Dada amepata uhamisho, sasa anafundisha shule iliyo karibu na kwake, na mumewe ameacha kununua vifaranga wanaokufa. Tunashukuru.

Sasa ya chama. Unakijua kile chama cha wapenzi wa bendi alichokianzisha Baba na wenzake, miaka mingi baada ya bendi yenyewe kuvunjika. Kila Jumamosi saa nane mchana tunakutana kwenye darasa la shule ya udereva, chini ya mabango ya alama za barabarani. Tunakunywa chai, na kila mwanachama anachagua wimbo mmoja upigwe kwenye gramafoni. Ndiyo kazi yote. Mimi ni katibu kwa sababu nina mwandiko mzuri na sijui kukataa.

Tangu mwaka jana mwenyekiti ni wakala mmoja wa bima tunayemwita Bwana Utaratibu. Hajawahi kuiona bendi ikipiga. Ilipovunjika alikuwa bado ananyonya. Hilo si kosa. Kosa ni kwamba watu ishirini na wanane wanaopenda nyimbo za zamani ametutungia katiba ya vifungu sitini na kimoja. Kuna kamati ya viti. Shangazi, viti! Na kuna kamati ndogo ya kuisimamia kamati ya viti. Mwezi wa tatu tulibishana saa nzima nani aruhusiwe kugusa sindano ya gramafoni, muda ukaisha hatujasikia hata wimbo mmoja.

Uchaguzi ulipokaribia, wazee wakaanza kunong'onezana kwamba wamtaje Baba. Mwenyewe wala hakuwa na haja ya cheo, lakini maneno yana miguu, yakamfikia Bwana Utaratibu. Mkutano uliofuata akaja na kifungu kipya: kila mwanachama afanye mtihani wa historia ya bendi. Maswali ishirini, ukikosa zaidi ya mawili unakuwa mtazamaji. Mtazamaji anakaa benchi la nyuma, hapigi kura, hasemi, na hachagui wimbo. Tukapiga makofi. Ndiyo, hata mimi. Hata Baba alipiga, maana nani angemshinda kwa bendi ile?

Kumbe tunapigia makofi mtego. Majibu yote yalitoka kwenye kijitabu alichokiandika Bwana Utaratibu kwa kutazama picha na majalada ya santuri. Swali la tisa: katika onyesho la mwisho, wanamuziki walivaa makoti ya rangi gani? Kijitabu kinasema bluu. Baba akaandika kijani. Yeye ndiye aliyeyashona, Shangazi, na vifungo ulivishona wewe kwa mkono, ukamnunia wiki nzima kwa kutobolewa vidole. Picha ya jalada ilikuwa nyeusi na nyeupe. Ile bluu ilitiwa na mtu wa kiwandani. Swali la kumi: walikuwa wangapi jukwaani? Picha inaonyesha saba. Baba akaandika wanane, kwa sababu alishona makoti manane, na mpiga ngoma alizibwa na wenzake. La kumi na moja, wimbo wa kufungia. Kijitabu kinataja ule wa mwisho kwenye santuri. Baba akaandika ule uliorudiwa mara tatu, siku watu walipokataa kutoka ukumbini.

Makosa matatu. Na anayesahihisha ni katibu. Nilikaa na kalamu nyekundu mbele ya mwandiko wa baba yangu mzazi, kisha nikaifunika kalamu. Nikaipeleka karatasi kwa Bwana Utaratibu, nikamweleza yote. Hata sauti hakupandisha.

"Dada Katibu, jibu sahihi ni lililomo kwenye kijitabu. Tukianza kuwasikiliza waliokuwepo, kila mtu atasema alikuwepo."

Nikaziweka alama tatu za kosa. Najichukia hata ninapoyaandika haya.

Walioanguka ni watano, na wote watano ni wale waliokuwepo ukumbini siku ile. Waliofaulu walikikariri kijitabu kama kasuku. Bwana Utaratibu akachaguliwa tena bila mpinzani, akatushukuru kwa ukomavu wetu.

Unakumbuka gramafoni yetu ilikufa mwaka ule ule aliofariki Mama, na Baba akazitoa santuri zake zote kwa chama. Ule wimbo aliokuwa akiuimba Mama akipiga pasi umo kwenye kabati lao. Zamu yangu ilipofika nikauomba mimi. Mwenyekiti akanisomea kifungu: jamaa wa mtazamaji haombi wimbo wa mtazamaji, huo ni upendeleo. Nikaomba basi santuri ile moja turudishiwe. Eti ni mali ya chama. Watu wazima wameketi wanatikisa vichwa kukubali, hakuna aliyeona haya. Wiki sita Baba alikaa nyuma, kofia magotini.

Jumamosi ya wiki iliyopita kulikuwa na mtihani wa marudio, na Baba aliomba kuufanya. Karatasi ikaja kwangu. Bluu. Saba. Wimbo wa kijitabu. Ishirini kwa ishirini. Bwana Utaratibu akamshika mkono, akatangaza kwamba mzee amejirekebisha, na watu wakashangilia. Kisha Baba akauomba ule wimbo wa Mama, ukapigwa, akausikiliza amefumba macho.

Njiani nilimfokea. Nisamehe Shangazi, nilimfokea baba yangu barabarani, watu wanatazama. Nikamwambia naacha ukatibu. Alinisubiri nimalize.

"Rangi naijua mwenyewe, mwanangu. Wimbo wanao wao."

Na kuacha akanikataza, kwani nani atampeleka Jumamosi?

Ningenyamaza, lakini jana niliyataja tena yale makoti, naye akasema huenda kweli yalikuwa bluu, uzee hauna adabu. Hakuwa anatania. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kwa hiyo nakuomba, mwandikie kaka yako. Usimpe pole, ataikunja barua aiweke. Jifanye umesahau. Mwulize vile vifungo mlivitia kwenye makoti ya rangi gani, na yalikuwa mangapi. Nataka alijibu swali hilo kwa mkono wake, na karatasi isipite kwangu.

Nisalimie binamu zangu wote, hasa yule fundi umeme na mapacha wake, na jirani yako mshona viatu. Mungu akulindie goti na kumbukumbu, akuongezee siku za kucheka.

Ni mimi nikupendaye sana, binti wa kaka yako.