Kifuniko cha Ndoo ya Asali

Jumanne, 27 Mei 2025

Leo nimetimiza miezi miwili Tabora. Shangazi Kuluthumu kanipikia mahamri kwa heshima hiyo, halafu kanitania. Ati nyinyi watu wa pwani tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu mko hivyo hivyo: mnafika, mnapumzika, mnaondoka. Nimemwambia mimi sijaja kupumzika. Barua ya chuo haijatoka, na kukaa Malindi kuingoja ni kugombana na mama kutwa. Hapa mtaa wa Ng'ambo angalau nina pa kwenda asubuhi. Kazi ya bure, lakini kazi.

Kituo cha kulelea watoto ninakojitolea kina watoto kumi na mmoja. Mama Recheli, mlezi wao, anasema ni kumi na mmoja na nusu — nusu ni mimi. Shida yangu ni moja. Wakicheza, Kinyamwezi mtindo mmoja! Nasimama katikati yao kama kigingi. Wanacheka, nami sijui kama wananicheka mimi. Na Januari wakubwa wao wanaanza shule! Mimi mtoto wa Malindi, Kiswahili nimezaliwa nacho. Nisipowapa hicho, nitawapa nini?

Basi nimekumbuka diski. Shule ya msingi kwetu ukinaswa unasema kilugha unavishwa kibao shingoni, unakaa nacho mpaka umnase mwenzako, umvishe yeye. Mimi sikuwahi kukivaa, nyumbani kwetu ni Kiswahili tu. Waliokivaa ni wenzangu Wagiriama. Tulicheka sana siku zile.

Nimechukua kifuniko cha ndoo ndogo ya asali, cha njano, nikakitoboa kwa msumari, nikapitisha utepe mwekundu wa shangazi. Kizuri hasa! Mama Recheli kakiona, kacheka: michezo ya Kenya hiyo.


Alhamisi, 5 Juni

Kinafanya kazi! Watoto wanawindana kama paka na panya. Emilian, mjanja wao, anawachokoza wenzake kwa Kinyamwezi makusudi ili wamjibu wanaswe. Hata Mama Recheli jikoni anajichunga, ati asije akavishwa na utu uzima wake.

Ila Levina. Huyu ana miaka mitano, kaletwa Aprili kutoka kijiji cha ndani huko Nzega. Mama yake alifariki wakati wa kumzaa. Kalelewa na bibi yake, Bibi Imakulata, na bibi mwenyewe haoni — mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mama Recheli anasema Levina ndiye aliyekuwa akimwongoza. Anashika ncha ya fimbo, anatangulia, anamtajia njia: jiwe, shimo, maji. Masika bibi akaangukia moto jikoni, majirani wakaita ustawi wa jamii. Ikaamuliwa mtoto akae hapa mpaka bibi apasuliwe macho.

Sasa Levina hana neno la Kiswahili hata moja. Kwa hiyo kifuniko ni chake. Siku ya nne leo. Akifungua mdomo tu, wenzake wanashangilia. Jana kalala nacho, asubuhi utepe umemwacha na alama shingoni.

Nilitaka kumvua. Nikajiambia atazoea, wote huzoea.


Jumapili, 15 Juni

Levina kasema! Kanivuta gauni, kanitazama, akasema polepole: "Dada, naomba maji." Maji! Si minzi! Nimempa kikombe huku machozi yananitoka kama mjinga. Kifuniko kakipeleka kwa Emilian Alhamisi na hakijarudi kwake tena.

Tangu hapo haniachi. Nikifua yupo, nikichambua mchele yupo. Analala mapajani pangu mchana na kidole changu kakishika. Wa Tabora huyu anasema "dada" kama mtu wa Malindi. Nampenda mpaka naogopa.


Ijumaa, 20 Juni

Kitu kidogo. Leo nyuma ya jiko nimesikia mtu anaongea. Nikachungulia — Levina, kachuchumaa mbele ya kuku anayeatamia. Anamsimulia kuku habari ndefu kwa Kinyamwezi, mikono inaenda, sauti imechangamka, sijawahi kuisikia sauti ile. Kaniona. Akanyamaza pale pale, mkono ukaruka ukashika shingo.

Nimecheka. Nimemwambia kuku hahesabiwi. Yeye hakucheka.


Jumatano, 9 Julai

Barua mbili siku moja, na zote zimenichoma.

Ya kwanza: chuo kimeniita. Nairobi, Agosti. Basi langu la kuondoka hapa ni Alhamisi ya tarehe 31. Ya pili kaileta Bwana Octavian, afisa ustawi: Bibi Imakulata amepasuliwa jicho moja, linaona. Anamtaka mjukuu wake.

Mama Recheli kapiga vigelegele. Nami nimepiga. Halafu nimeenda msalani nikalia. Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu: niliposikia, nilitamani lile jicho lisione. Astaghfirullah! Bibi wa watu. Naondoka wiki tatu zijazo, simchukui Levina, siwezi kumchukua, na bado sikutaka awe wa mtu mwingine. Mimi ni mtu wa namna gani?

Octavian kasema ataangalia kwanza wanavyoelewana. Mtoto akimkataa bibi, hatalazimishwa. Huenda akatafutiwa familia nyingine, labda mkoa mwingine. Kasema kwa upole, anafunga jalada.


Jumamosi, 19 Julai

Bibi kapiga simu, simu ya jirani yake. Mama Recheli kamwekea Levina sikioni na sauti kubwa. Tulikaa wote ukumbini, watoto na sisi.

Sauti ya bibi ikaja. "Mwangaluka!" Salamu yao hiyo. Halafu maneno mengi, ya haraka, yenye kicheko ndani. Levina uso ulifunguka — nimeuona! Mdomo ukafunguka. Halafu akatuangalia. Akamwangalia Emilian, akaniangalia mimi. Mkono ukaenda shingoni. Akafunga mdomo.

Bibi akaita. Akaita tena. Akamwita kwa jina lake mara nane, nimehesabu. Mwishowe hakuita tena, tulisikia anapumua tu. Jirani akachukua simu, akasema bibi anauliza kama mtoto yuko hai.

Mama Recheli kaniuliza baadaye, tunaosha vyombo: huyu ana nini? Nikasema labda haya. Haya! Nimemdanganya mama wa watu machoni. Najua Levina ana nini. Najua tangu siku ya kuku.


Jumapili, 20 Julai

Nimemweleza shangazi. Alikuwa anapinda pindo la shela kwenye cherehani, akaacha kukanyaga. Kasema: mkataa kwao mtumwa, tumefundishwa. Anayemfanya mwenzake akatae kwao, huyo sijui tumwiteje. Akaendelea kushona. Hakunitania leo, na hilo limeniuma zaidi.

Jioni nimekwenda kituoni. Watoto wako uani, kifuniko kiko msumarini mlangoni. Nimekichukua, nimekitupa shimo la taka. Nimesema mchezo umekwisha, kila mtu aseme anavyotaka. Emilian kauliza, kwa nini, nani kashinda?

Nikamchukua Levina pembeni. Nikampigia magoti. Nikasema sema, mama, sema chochote, sema kama unavyosema na kuku. Nikasema mwenyewe, kwa ulimi wangu mbovu: "Mwangaluka, Levina." Kanitazama kwa makini, kama mtu anayetazama mtego. Ndivyo Emilian alivyokuwa akiwanasa wenzake, kwa kuwaanza yeye. Ndivyo nilivyomfundisha Emilian.

"Hujambo, dada," akajibu. Akatabasamu. Hakunaswa.

Ya Rabi, nimevunja kitu na sijui kinaungwaje.


Alhamisi, 24 Julai

Kila siku najaribu. Mama Recheli sasa anasema nao Kinyamwezi tu jikoni, nilimwomba, sikumwambia kwa nini. Watoto wengine wamerudia Kinyamwezi chao haraka, kelele tupu. Levina peke yake anatembea katikati yao na Kiswahili changu safi. Jioni nikiaga ananiombea dua niliyomfundisha. Siku saba zimebaki.


Jumanne, 29 Julai

Saa sita mchana. Nimejifungia stoo ya unga. Nimesema naja kuchukua sukari, na sukari ninayo mkononi.

Bibi amekuja. Katoka Nzega alfajiri, na jirani yake. Mdogo kuliko nilivyodhani. Kitenge kipya, miwani myeusi ya hospitali, karanga kwenye kitambaa, viazi vitamu vya kuchemsha. Shingoni rozari. Kiswahili anacho cha salamu tu. Tumemkalisha mkekani barazani, Octavian kwenye kiti na jalada lake.

Levina katoka. Nilimvalisha mwenyewe, nilimsuka mwenyewe. Bibi akavua miwani. Akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama kwa lile jicho moja, karibu pua na pua. Akaanza kusema, Kinyamwezi, taratibu. Mama Recheli akaninong'oneza, naye analia: anasema, kumbe ndiyo sura yako. Anasema, siku zote hizi sijawahi kuiona vizuri. Anasema, umechukua mdomo wa mama yako.

Levina akasema, "Shikamoo, bibi." Safi kabisa.

Bibi akacheka, akaendelea kwa lugha yake. Levina akajitoa mikononi, akakimbilia ndani. Octavian akashika kalamu. Mimi nikasema moyoni basi, kamkataa, imekwisha.

Akarudi. Mkononi ana kifuniko. Kile cha njano! Kimeoshwa, utepe umeoshwa, una fundo jipya. Nilikitupa shimoni siku tisa zilizopita! Katoa wapi? Kaingia shimoni? Kakificha wapi siku zote hizi, chini ya godoro, mtoto wangu mtiifu?

Akapanda mapajani kwa bibi yake, akamvisha.

Wakapiga makofi. Jirani kapiga makofi, watoto wadogo wakapiga, Octavian katabasamu kaandika kitu. Bibi akakipapasa kifuniko, mbele, nyuma, kingo zake. Akakilaza juu ya rozari. Machozi yakamtoka kwenye macho yote mawili, linaloona na lisiloona. Mama Recheli akatafsiri kwa sauti, kwa ajili ya Octavian: anasema, mjukuu wangu amenipa zawadi. Anasema hajapewa kitu shingoni tangu kipaimara. Anasema atazikwa nacho.

Na Levina, amesimama mbele yake, mikono nyuma kama mwalimu: "Bibi, hapa hatusemi kilugha."

Bibi akacheka kwa fahari. Akawageukia watu. Akauliza, hata mimi nilielewa: amesema nini?

Emilian akainamisha kichwa. Mama Recheli hakutafsiri. Akanigeukia mimi, polepole, na nikaona kila kitu kinafika usoni pake kimoja kimoja: simu, ile "haya" niliyomwambia, jikoni, kifuniko. Akasema kwa sauti ya chini, "Najiat. Mwambie wewe."

Nikasema sukari.

Naona baraza kwenye waya wa dirisha. Bibi anasema. Levina anatikisa kichwa, anagusa kifuniko kwa kidole. Bibi anadhani ni mchezo, anasema tena. Levina anatikisa kichwa, anagusa. Sasa bibi hacheki. Anamtazama Levina, anatazama kifuniko. Anamtazama Mama Recheli, na Mama Recheli anatazama mlango huu. Octavian kaweka kalamu chini, anauliza jambo.

Nikitoka nitasema. Mbele ya jalada, mbele ya wote, nitasema ni mimi. Bibi ataelewa hata kama sina lugha yake? Nani atamfasiria, na kwa uso gani?

Miguu inakuja mbio. Midogo. Anagonga mlango, sauti imejaa furaha, anataka nimsifu:

"Dada Najiat! Dada! Njoo uone, bibi amenyamaza!"