Habari za Meli Zilipofika Oldonyo Sambu

Akheri, nyumbani kwa Babu Eliamini,
Tengeru, Arusha.
14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Magdalena,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Leipzig, na kwamba goti lako halijaanza kukusumbua kwa baridi. Sisi huku tunaendelea kwa neema ya Mungu. Kikohozi cha Baba kimepungua. Migomba imesimama vizuri, na kahawa ya upande wa mtoni tumeichuma. Babu anakula, ingawa kidogo.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kuta za nyumba hii ni mbao, na Babu, pamoja na miaka yake mia na moja, husikia kila asichotakiwa kusikia.

Unaikumbuka hadithi ya meli. Kila Krismasi, tukishakula, Babu alitupandisha tena kwenye ile meli ya vita yenye rangi ya majivu, iliyowachukua yeye na askari wenzake Mombasa kuwapeleka Madagaska. Kazi ya meli ile, alisema, ilikuwa kuwasogeza askari karibu na ufukwe wa adui na kuwamwaga. Nyavu za kamba nene ziliangushwa ubavuni, nao wakateremka na mizigo mgongoni hadi kwenye mashua zilizokuwa zikirukaruka chini.

Baba anasema ni wewe uliyeanzisha desturi ya watoto kuitikia. Babu akifika kwenye kamba huuliza, "Na chini yangu alikuwa nani?" Nasi tunapiga kelele, "Lemomo!" "Akanitukana vipi?" "Teremka, mla ndizi, au unangoja mama yako akubebe?" Tunacheka mpaka machozi. Kisha Babu anamalizia kwa sauti ndogo: wimbi likaisukuma mashua, Lemomo akaanguka kati yake na meli, hakuonekana tena. Meli yenyewe ilikwenda na kurudi mpaka vita vikaisha, bila hata tundu.

Babu siku zote aliamini kwamba wakubwa wa jeshi walipeleka habari za kifo kwa kina Lemomo. Alichojua ni kwamba rafiki yake alitoka Oldonyo Sambu, nyuma ya mlima. Basi.

Shangazi, mimi ndiye niliyeyaunganisha haya. Pale mahakamani nina karani mwenzangu, Sinyati. Siku moja tukinywa chai alisema bibi yake, Silantoi, kila jioni hutenga maziwa ya kaka yake aliyepanda meli ya Wazungu wakati yeye ni mtoto mdogo. "Anamtaja kama vile yuko zizini," Sinyati alisema akicheka. "'Haya ya Lemomo, msiguse.' Sisi wajukuu tumekua tukimwogopa huyo Lemomo kuliko mwalimu."

Chai ilinishinda. Nilipofika nyumbani nikamwambia Babu. Laiti ningeyameza.

Asubuhi alijikongoja mpaka kwenye ua, akakata mwenyewe jani la isale na kulifunga fundo. Wewe unajua kwetu mtu akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe. "Mpelekee," alisema. "Mwambie nilikuwa juu ya kaka yake kwenye kamba, sikuweza kumshika. Miguu yangu imekataa safari."

Tulikwenda Jumamosi. Tulipoipita Ngaramtoni, Sinyati akasema, "Tukifika nianze mimi. Wewe salimia tu." Nikaitikia.

Tulimkuta Koko Silantoi, ndivyo wanavyomwita bibi, ameketi kwenye kigoda, watoto wake wamemzunguka. Niliinamisha kichwa akanigusa utosini, ndiyo salamu yao kwa wadogo. Mzee mmoja akatania, "Sinyati, huyu Mmeru umemleta aolewe na nani? Ng'ombe tunao!" Wote wakacheka, wakanitazama. Hapo nikapotea. Unajua kazi yangu, Shangazi: kusimama mlangoni mwa mahakama na kuita majina kwa sauti. Nikiogopa, hilo ndilo ninaloliweza. Nikasimama wima nikasema, "Nimeleta habari za marehemu Lemomo."

Kicheko kilikatika. Koko akajifunika uso kwa shuka. Sinyati akanivuta mkono. "Vaileth, nilikwambia ungoje!"

Sikujua. Sisi tunawapa watoto majina ya waliokufa ili wasipotee. Kwao, mtu akishakufa, jina lake halitamkwi tena nyumbani kwake. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuleta habari ya kifo, Koko alikuwa na ruhusa ya kumwita kaka yake kila jioni, maisha yake yote. Nimemnyang'anya kwa sentensi moja. Najua hata kama Sinyati angeanza, mwisho ungekuwa uleule. Lakini jina lisingetoka kinywani mwangu.

Utaona kuanzia hapa silitaji.

Baada ya muda Koko aliuliza, bado amejifunika, "Alikwenda akilia?" Nikasema hapana, alikuwa akimtukana Babu yangu. Nikamweleza tusi lenyewe. Shuka likatikisika. "Ndiye," alisema. "Ndiye huyo. Alikuwa na mdomo!" Alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio.

Nilimpa isale na ujumbe. Akaligeuzageuza jani. "Hili ni la mbuzi?" Sinyati akamweleza. Ndipo akainuka kwa kumshika mjukuu wake, akang'oa majani mabichi kando ya zizi na kuniwekea mkononi. "Mpelekee mla ndizi wake."

Jioni walikamua. Niliona Koko akimimina maziwa kwenye kibuyu kidogo, akafungua mdomo, akaufunga. Akayarudisha kwenye kibuyu kikubwa.

Babu alipoyaona yale majani hakuuliza ni ya nini. Alifundishwa na rafiki yake melini: kwao, anayekushikisha majani amekupa amani. Aliuliza jambo moja tu: "Bado anamwita?" Nikamwambia ukweli. Akasema, "Basi na mimi jina nimeliweka chini." Majani yamekauka chini ya mto wake na hataki yaondolewe.

Baba ananiambia nilifanya vema. Mchungaji pia. Mimi kila ninaposimama mlangoni kuita majina, hulisoma kwanza kila jina kimoyomoyo.

Nina ombi moja. Ukija Krismasi, mwombe Babu hadithi ya meli kama kawaida, maana asipoombwa atahuzunika. Lakini akifika kwenye kamba na kuuliza chini yake alikuwa nani, tafadhali, Shangazi, usimwitikie. Nitakuwa nimeshawaonya watoto. Tumngoje tu mpaka aendelee mwenyewe.

Wasalimie Dada Lilian na Kaka Joel. Baba, Mama Anyesi na Elihuruma wanakusalimu sana. Mungu akulinde uendako na urudipo, nasi atuweke hai tukulaki.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Vaileth