Hakuna Anayeishi Hapo

Kaka yangu,

Hatujambo huku mlimani. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza. Bomba la nyumba ya wageni lililokuwa linavuja nimelifunga mwenyewe, shuka nimefua. Wageni wa wiki hii ni maharusi. Asubuhi wanashuka mjini kuzunguka soko na makumbusho, dakika ishirini tu, jioni wanarudi kuota moto.

Ujumbe wako nimeusoma. Nisianike nguo mbele, nisiwashe kuni, na mwezi ujao nihamie kwako, eti wageni wanataka faragha. Tangazo lako pia nimeliona: "Nyumba ya mlimani, karibu na mji. Hakuna anayeishi hapo." Picha umeikata pale pale unapoanzia ukuta wa nyumba yetu ya pembeni. Basi anayekufulia shuka ni jini?

Hilo langu ningefunika kombe mwanaharamu apite. Lakini tangazo ulilitoa mama akiwa bado hai, mgonjwa kitandani. Mgeni mmoja alimsomea kwenye simu, akidhani anamfurahisha. Mama akacheka, kisha akaniuliza, "Kwani mimi nilikufa lini?" Siku ya mazishi nilinyamaza. Leo nakuambia.

Sihami ng'o. Jumamosi yule mpiga picha uliyesema utamtuma akija, atakuta nimeanika kamba nzima, nguo za mama zikiwa mbele. Maharusi wamesema watakaa nami barazani. Mwambie arudi nyuma hatua mbili tatu, tuenee sote.

Ni mimi mdogo wako,
ninayeishi hapa.