Zawadi ya Sauti

Mjini Unguja, Jumatatu 9 Agosti 1954

Shikamoo Bibi,

Kaka Haji atakusomea kadi hii, na nimeapa kukueleza yote, ingawa nafasi ni ndogo na nimeudhika. Kwa kuwa macho yako hayaoni tena, uliniagiza nikuletee nitakachokisikia sinema, si nitakachokiona. Bango lilisema kwa Kiingereza kwamba filamu imepewa zawadi Amerika kwa ajili ya sauti, yaani milio yote isikikayo ndani yake. Nami, mjinga, nikamfasiria Shangazi: "Imepata zawadi ya sauti." Akawatangazia wanawake wote wa safu yetu.

Basi wakadhani ni sauti ya mtu, wakakaa kungoja mwimbaji! Upepo ukavuma, farasi wakapita, wao wanapiga kelele: "Hebu imba, baba, tumetoka mbali!" "Sauti yenyewe ndiyo hii? Kasuku wangu anamshinda!" Nilipowaomba wanyamaze, Shangazi alinambia, "Wewe ndiye uliyetudanganya."

Kisha mle ndani ya filamu mvua ikapiga juu ya bati. Bi Salama wa Kidichi akaruka: "Yarabi, karafuu zangu nimezianika nje!" Akatoka mbio. Ukumbi ukacheka hadi mwisho, sikusikia tena kitu.

Jumapili ijayo wanawake tunaonyeshwa tena filamu ile ile, lakini Shangazi hanipeleki mpaka niwaeleze wenzake zawadi ile ni ya nini hasa.

Mjukuu wako Rukia nakubusu mkono na kukuombea afya. Nijibu kwa gari la kwanza, Bibi, wewe unayemjua kila apitaye kwa kuzisikia tu nyayo zake: niwaambie zawadi ya mlio, ya kishindo, au ya neno gani?