Kuhesabu Saba Kabla ya Kusema

2 Februari, mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi zikufikie popote ulipoketi na barua hii. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Hali yako? Na mama yako, bado anapiga chafya tatu tatu? Nilimwacha ana miaka miwili, na chafya zake ndizo ninazozikumbuka vizuri zaidi.

Ameniandikia kwamba umeingia chama cha hotuba na maigizo, katika shule ile ile niliyofundisha. Sentensi hiyo niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Niambie: jukwaa bado ni la mbao? Ubao wa tatu kutoka kushoto bado unalia?

Babu yako


19 Februari

Babu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na chafya ni tatu kama kawaida. Ubao unalia! Tunauruka wote, na wageni tunawaonya.

Babu, niko njia panda. Mwishoni mwa Machi nitasimama kwenye fainali ya hotuba ya shule zote. Ni dakika tano, ukizidisha unakatwa alama. Lakini hapa kwetu kila msemaji husimama kwanza kimya, akahesabu saba moyoni, ndipo afungue mdomo. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa, "Tumeikuta." Mwalimu mlezi wa chama ni mgeni. Ananiambia, "Sekunde saba ni sentensi mbili, wewe unazitupa!" Wenzangu wanasema nikiiacha nimewasaliti. Chama ulikianzisha wewe. Saba hii ni ya nini?

Mjukuu wako


11 Machi

Mjukuu wangu,

Barua yako imenikuta salama. Yangu na ikuwahi kabla ya fainali.

Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Saba ni ya msumeno! Nyuma ya ukumbi palikuwa na karakana ya seremala, na msumeno wake wa mashine ulipasua ubao mmoja kwa hesabu ya saba. Tuliungoja umalize, ndipo tuseme. Basi. Aliyeteseka kuliko wote ni binti mmoja tuliyemwita Chiriku, maana alisema hata akiwa anakunywa maji. Nilimwambia, "Chiriku, usishindane na chuma. Kingoje kichoke."

Kwa hiyo iache bila hofu.

Seremala huyo ndiye aliyenijia siku ya mwisho. Nilikuwa nyuma ya pazia, kwenye kiti cha kuwanong'oneza waigizaji maneno wakisahau. Igizo nililiandika mwenyewe, na kuna wakubwa halikuwapendeza. Akaninong'oneza mimi: "Mwalimu, wale wawili wa safu ya mbele hawakuja kutazama. Wanangoja pazia lifungwe wakukamate. Mlango wa nyuma uko wazi." Nikatoka na daftari mkononi. Sikumuaga mtu. Niliwaacha watoto wangu jukwaani bila mnong'onezi, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Babu yako


6 Aprili

Babu,

Shikamoo tena, na shika kiti.

Barua yako niliisomea chama kizima. Tulicheka, tukakubaliana: msumeno umekufa zamani, na saba nayo ife. Pale pembeni alikuwapo mama fundi cherehani, aliyekuja kutupima mavazi ya igizo. Akaweka mkasi chini.

"Nani kawaambia ni msumeno?"

"Babu yangu. Alikuwa mwalimu hapa."

Alinitazama mpaka nikaona haya. Kisha akasema, "Ulikuwa msumeno. Mpaka siku ile."

Akatusimulia: siku ile uliyoondoka, hotuba ya kufunga sehemu ya kwanza ya igizo ilikuwa yake. Kutoka jukwaani alimwona seremala akikuvuta mkono wa shati. Aliwaona na wale wawili, kofia magotini. Akaelewa kwamba akimaliza maneno yake, pazia litafungwa nao watanyanyuka. Basi hakuanza. Alisimama. Akahesabu saba, akaipita. Hamsini. Mia. Wenzake wakaganda naye. Ukumbi mzima ulijua watoto wa shule hii huanza kwa kimya, kwa hiyo watu walingoja. Kuna mtoto alikohoa, na mmoja wa wale wawili akamgeukia, kidole mdomoni: "Shh!"

Alihesabu hadi mia tatu, babu. Ndipo akasema. Mwaka uliofuata wadogo zao wakaendelea na saba bila kuambiwa sababu, maana haikuwa sababu ya kusemwa kwa sauti.

"Mwandikie babu yako," akaniambia, akiokota mkasi. "Mwambie Chiriku alinyamaza."

Kwenye fainali nilisimama nikahesabu saba. Viti viliacha kukwaruza. Mwamuzi mmoja akaweka kalamu. Sikuwahi kusikia watu mia nne wakipumua. Nilizidisha sekunde nne, nikakatwa alama, nikawa wa pili. Mwalimu mlezi hakunigombeza. Alikuwa anafuta miwani.

Igizo letu ni tarehe 30 Mei, saa tisa alasiri. Kiti cha nyuma ya pazia tumekiacha wazi. Njoo, babu. Wakubwa wale walishaondoka zamani. Na mama ameshafua mapazia ya chumba cha wageni.

Mjukuu wako


2 Mei

Mjukuu wangu,

Hujambo? Salamu zangu leo ni fupi.

Siku ile nilidandia basi la saa kumi likiwa limeshaanza kutembea. Miaka yote hii nimeiita bahati. Nikadhani pia kwamba nyuma yangu watoto walikuwa wanababaika, wanasahau maneno. Kumbe walikuwa wamenishikia mlango.

Jana nilikaa mezani nikanyamaza hadi mia tatu. Jaribu. Kufika mia na ishirini chai ilikuwa imepoa, na mimi mtu mzima nilitaka kupiga kelele. Chiriku alikuwa na miaka kumi na saba, na wale wawili wako mbele yake. Nimefundisha watu kusema maisha yangu yote, na sijui niliite nini jambo hilo.

Mpe Chiriku shikamoo yangu. Ndiyo, mimi ndiye ninayempa.

Kile kiti msikiache wazi. Mketisheni mtu awanong'oneze wanaosahau. Daktari wa moyo amenikataza safari ndefu, na safari hii sitabishana. Tarehe thelathini, saa tisa, nitakuwa mezani nikihesabu pamoja nanyi. Mwambie mama yako mapazia ayatundike tu, yaingize hewa. Sitarudi.

Babu yako